Siri za Nyumbani Zina Tarehe

Mzazi akifa Kenya hii, karatasi ndizo huanza kusema. Ukitaka kurithi shamba la mzee kisheria, kwanza chifu anaandika barua inayotaja kila mtu aliyeachwa nyuma: wake, watoto wa kiume na wa kike, walioolewa na wasioolewa. Barua inaenda kortini pamoja na fomu, maombi yenu yanachapishwa kwenye gazeti rasmi la serikali, na mwenye pingamizi anapewa siku 30 ajitokeze. Sheria ya Urithi ilianza kutumika tarehe 1 Julai 1981, na ndani yake mke wa kimila anatambuliwa hata kama marehemu alifunga ndoa ya kanisani na mwingine. Ndiyo maana matanga yetu hayaishi vituko. Jeneza liko chini ya hema, kasisi amefungua Biblia, na huko nyuma anasimama mama ambaye hakuna anayemjua, ameshika mkono wa kijana mwenye paji la uso la marehemu. Video inasambaa, tunacheka, maisha yanaendelea.

Siri ninayotaka kuizungumzia haiji na mtoto mkononi. Imelala ndani ya sanduku, na wa kuulizwa walishakufa. Kwa familia nyingi za Mkoa wa Kati wa zamani inahusu swali moja: kati ya 1952 na 1960, mzee wenu alikuwa upande gani? Nimekuja kuamini kwamba siri ya aina hii haikutungwa na familia peke yake. Ina tarehe zake, na ukizipanga utaona nyingi ni tarehe za serikali.

Kwetu ni Nyeri. Mathe alifariki 2015, na mzee wetu, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, akamfuata 2023. Tuko 4. Dada yetu mkubwa ni muuguzi Nakuru, kaka yetu anauza vifaa vya ujenzi Thika, dada wa pili anafanya kazi Doha, na mimi kitindamimba naandika hiki na kile Nairobi tangu niache chuo mwaka wa 3, karo ilipokatika. Wiki 2 baada ya mazishi tulirudi ushago, mara ya kwanza sisi 4 kuwa ndani ya ile nyumba bila mzee na bila wageni. Wakili alikuwa ametaka hatimiliki. Tuliipata kwenye sanduku la bati chini ya kitanda, chini ya risiti za karo na kadi zetu za kliniki za utotoni. Chini yake kabisa kulikuwa na bahasha ya kaki yenye karatasi 2.

Ya kwanza ilikuwa cheti kwa Kiingereza, kimegeuka rangi ya chai. Kilisema mwenye jina hili ni mtu mwaminifu kwa serikali, kikawa na alama ya kidole gumba na sahihi ya afisa wa wilaya. Jina lilikuwa la guka, babake baba. Kwa desturi ya Wakikuyu mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu yake upande wa baba, kwa hiyo lilikuwa pia jina la kaka yetu, herufi kwa herufi. Alikisoma, akakiweka mezani polepole, akatoka nje kuangalia ng'ombe.

Ya pili ilikuwa barua ya penseli, kwa Kikuyu, ya Mei 1961. Aliyeiandika alimwambia guka kwamba alishikwa Nairobi Aprili 1954, akapelekwa Manyani, na aliporudi akakuta kipande chake cha kule mtoni kiko ndani ya ua wa guka. Kama ulinunua, alisema, nionyeshe aliyekuuzia. Hakukuwa na tusi wala tisho. Jina lake, basi.

Sisi tulilelewa tukijua guka alikuwa msituni.

Ili uelewe uzito wa kile cheti, lazima turudi nyuma kidogo. Hali ya hatari ilitangazwa tarehe 20 Oktoba 1952. Vita vilivyofuata tumefundishwa kama vita kati ya Mau Mau na mzungu, na ni kweli, ila vilipiganwa pia ndani ya ridge moja, kati ya watu waliooa kwa kina nani na waliochota maji mto mmoja. Serikali ilianzisha kikosi cha homugadi, ambao kwa Kikuyu waliitwa ngati, na kufikia 1954 walikuwa zaidi ya 20,000. Usiku wa 26 Machi 1953, Mau Mau walishambulia Lari na kuchoma nyumba za familia zilizokuwa upande wa serikali. Wengi waliouawa walikuwa wanawake na watoto. Kisha vikosi vya serikali na homugadi wakalipiza kisasi palepale Lari, wakaua wengine wengi. Kila upande ulitoka pale na maiti zake na sababu zake.

Mtu alikuwaje ngati? Wengine walikuwa na mali na hawakutaka kuipoteza. Wengine walikuwa Wakristo waliokataa kula kiapo. Wengine ndugu yao aliuawa. Na wengine waliona tu upepo unaelekea wapi. Mwanahistoria Daniel Branch, kwenye kitabu chake cha 2009 kuhusu watu hawa, anaonyesha kwamba mpaka kati ya pande hizo 2 haukuwa ukuta. Watu walivuka, hasa kuanzia 1954, serikali ilipoanza kushinda. Zilikuwepo nyumba ambazo ndugu mmoja alikuwa msituni na mwingine kwenye kambi ya homugadi, na mama yao akipeleka chakula kote kuwili.

Mwaka huo wa 1954 ndio ulioamua mambo mengi. Tarehe 24 Aprili jeshi liliizingira Nairobi kwa Operesheni Anvil. Wanaume wa Kikuyu, Embu na Meru walipangwa foleni mitaani, wakapelekwa Lang'ata kuchujwa, na zaidi ya 20,000 wakaishia vizuizini, wengi Mackinnon Road na Manyani. Yule mwandishi wa barua yetu alikuwa mmoja wao. Wengine wangekuja kujenga uwanja wa ndege wa Embakasi kwa mikono, uliofunguliwa 1958. Watu wanaopanda ndege pale leo ni wengi, wanaoijua hiyo ni wachache.

Huku nyumbani, kuanzia katikati ya 1954 hadi mwishoni mwa 1955, zaidi ya watu milioni 1 walihamishwa kwa nguvu kwenye vijiji zaidi ya 800 vilivyozungushiwa mitaro na miti iliyochongwa. Nyumba zao za zamani zilichomwa. Wanawake walichimba mitaro siku nzima chini ya ulinzi wa homugadi, na wakati wa kwenda shamba ulipimwa kwa saa. Wazee huviita gichagi. Neno hilohilo ndilo sisi wa Nairobi hutumia tukisema tunaenda gichagi wikendi kula nyama. Mzee wetu alizaliwa ndani ya kijiji kimojawapo, 1955.

Sasa fikiria: wanaume wengi wako vizuizini au msituni, wanawake na watoto wako ndani ya ua wa kijiji, na mashamba yamebaki wazi. Hapo ndipo serikali ilipoamua kupima ardhi. Mpango wa Swynnerton ulitoka mwaka uleule wa 1954. Ulitaka vile vipande vidogo vilivyotawanyika viunganishwe, kila mtu apate shamba moja na hatimiliki, na papo hapo litokee tabaka la wakulima wenye mali ambao hawangetaka fujo tena. Anayeamua kipande kipi ni cha nani ilikuwa kamati ya wazee, na wazee wenye sauti wakati ule walikuwa walewale waliokuwa na serikali. Aliyekuwa Manyani hangeweza kuja kusimama kwenye mpaka wake na kusema hapa mti wa babu yangu.

Kilichonishtua zaidi kuliko cheti ni sheria zenyewe. Mwaka 1953 ilikuwepo sheria ya kuwanyang'anya mashamba waliohesabiwa viongozi wa Mau Mau. Januari 1955 gavana Baring alitangaza msamaha wa pande 2: wapiganaji wakijisalimisha hawatanyongwa, na homugadi hawatashtakiwa kwa waliyoyatenda hapo awali. Mwaka 1957 kesi za mashamba kwenye sehemu zinazounganishwa zikasimamishwa kisheria. Na mwaka 1963, sheria mpya ya usajili wa ardhi, ile iliyokuja kujulikana kama Sura ya 300, ikasema kwamba usajili wa kwanza hauwezi kurekebishwa na korti, hata kama ulipatikana kwa ulaghai. Soma tena hiyo. Hata kwa ulaghai.

Yule mzee aliandika barua yake Mei 1961. Usajili wa kwanza wa shamba letu ni wa 1959. Pengine aliandika barua kwa sababu hakukuwa na mlango mwingine wa kubisha.

Cheti nacho kilikuwa na kazi. Anayekuwa nacho alitembea bila kusumbuliwa sana na kibali cha kutoka wilayani. Na Machi 1957, Waafrika walipopiga kura mara ya kwanza kuchagua wajumbe wao wa Baraza la Kutunga Sheria, Mkikuyu hakuruhusiwa kupiga kura bila cheti cha uaminifu. Waliofuzu walikuwa wachache hivi kwamba Eliud Mathu, Mwafrika wa kwanza kuingia baraza lile, alishindwa na Bernard Mate, aliyebebwa na kura za Meru. Kwa hiyo ile karatasi ya rangi ya chai, ambayo leo inatutia aibu, wakati mmoja ilikuwa karatasi ya kuonea fahari. Shosho lazima aliitunza vizuri. Haikukunjwa hata pembe.

Kisha uhuru ukakaribia, na karatasi zikaanza kuchomwa. Mwaka 1961 waziri wa makoloni, Iain Macleod, aliagiza kwamba serikali mpya isiachiwe nyaraka zozote za kuiaibisha Uingereza. Faili zilitengwa, nyingine ziliguswa tu na maafisa wenye asili ya Ulaya. Nyingi zilichomwa na majivu yakapondwa. Zilizobaki zilipelekwa Uingereza na kufichwa Hanslope Park, hadi kesi ya wazee wa Mau Mau ilipolazimisha zitolewe 2011. Za Kenya pekee zilikuwa faili kama 1,500.

Nikifikiria hilo, sioni tofauti kubwa kati ya serikali na familia yetu. Wote walikuwa na sanduku. Ila serikali ilichoma, na mzee wetu hakuchoma. Jiko letu la kuni liko hatua 10 kutoka kitanda kile. Alikuwa na miaka mingi ya kuitupa ile bahasha motoni, na kila alipohama nyumba ya walimu alihama nayo.

Uhuru ulipokuja, wapiganaji walitoka msituni na kupokelewa Ruring'u, Nyeri, Desemba 1963. Lakini ujumbe wa Kenyatta ulikuwa tusahau yaliyopita. Waliosoma wakati wenzao wako vizuizini ndio waliokuwa na vyeti vya kupata kazi, na Mau Mau, kilichopigwa marufuku 1950, kikabaki chama haramu kwenye vitabu vya serikali huru kwa miaka 40 zaidi. Kwa hiyo wa msituni hakuweza kujigamba wazi, na wa kambi ya homugadi hakuwa na sababu ya kusema. Wote walinyamaza. Walienda kanisa moja, wakapeleka maziwa kwenye chama kimoja, watoto wao wakaoana.

Marufuku iliondolewa 2003, serikali ya Kibaki ilipoingia. Februari 2007 sanamu ya Dedan Kimathi ikasimamishwa katikati ya Nairobi, miaka 50 tangu anyongwe Kamiti. Juni 2013 Uingereza ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa wazee 5,228. Septemba 2015 mnara wa kumbukumbu ukazinduliwa Uhuru Park. Kama hujawahi kwenda kuuangalia, nenda. Unaonyesha mwanamke akimpa mpiganaji chakula, na wote 2 wametazama pembeni, wasionane uso, ili atakayeshikwa asiweze kumtaja mwenzake. Kizazi kizima kilifunzwa kuishi hivyo, kupeana mkono bila kuangaliana.

Jioni ile ushago nilimuuliza dada yetu mkubwa, aliyezaliwa 1984, alianza lini kusikia kwamba guka alikuwa msituni. Alifikiri sana. Akasema akiwa shule ya msingi mzee hakuwa akisema lolote. Ukiuliza kuhusu guka unaambiwa alikuwa mkulima hodari. Hadithi ya msitu anaikumbuka akiwa tayari chuo cha uuguzi, likizo moja, na anakumbuka kwa sababu alishangaa. Ilikuwa 2004.

Yaani, mimi nilikua ndani ya hadithi ambayo dada yangu aliiona ikizaliwa. Mwaka mmoja baada ya serikali kuondoa marufuku, kuwa mjukuu wa Mau Mau kukawa jambo jema, na mzee wetu, mwalimu aliyepanga gwaride la shule kila tarehe 20 Oktoba, akawapa wanawe babu anayefaa. Sidhani alitaka kutudanganya kwa ubaya. Shule nzima ilikuwa inamtazama, na kila mtoto darasani alikuwa na babu shujaa. Ukihesabu mababu wote wa Nyeri wanaosemwa walikuwa msituni, hakuna aliyebaki kujiunga na wale homugadi 20,000.

Sasa kuna shamba. Ni ekari 6, na kipande cha mtoni ni kama ekari 1 na nusu, penye majani ya chai yanayolipa zaidi. Kaka yetu anasema kisheria mambo yameisha, na hajakosea sana. Sheria mpya ya usajili wa ardhi ya 2012 inaruhusu hatimiliki kupingwa ikiwa ilipatikana kwa ulaghai au njia isiyo halali, lakini kesi ya kudai ardhi ina kikomo cha miaka 12. Anasema pia jambo ambalo siwezi kulipuuza: hatujui guka alilipa nini, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kulala usiku mmoja ndani ya kijiji kile akingoja panga. Dada yetu mkubwa anasema barua haikuuliza sheria. Iliuliza aliyeuza ni nani. Wa Doha, ambaye pesa zake ndizo zilizomlipia mzee hospitali, alisema kwenye simu tuuze kipande kile tugawane na wajukuu wa yule mtu, kisha akakaa kimya, kwa sababu sote tunajua wajukuu hao ni kina nani. Mmoja alibeba jeneza la mzee wetu.

Sina jibu la familia yako wala la yangu. Nina ombi moja tu kwako. Ukipewa hadithi ya nyumbani, uliza ilianza kusimuliwa lini. Usikimbilie kuuliza kama ni ya kweli, maana watasema ndiyo na watakasirika. Uliza mwaka. Guka alikuwa shujaa, sawa, tulianza kusema hivyo mwaka gani? Tulinunua shamba hili, sawa, karatasi ya kwanza ni ya lini, na jirani alikuwa wapi mwaka huo? Ukipata mwaka, weka kando yake kilichokuwa kikifanywa na serikali. Mara nyingi utaelewa kwa nini mtu mwema alinyamaza, na kunyamaza kwake kulimgharimu nani.

Kwa sasa tumekubaliana mambo 2. Kipande cha mtoni hakitagawanywa mpaka kaka na dada yetu mkubwa wakae na ile familia nyingine, wakiwa na barua mezani. Na cheti hakichomwi. Nilikipiga picha nikaiweka kwenye grupu ya WhatsApp ya familia, pamoja na barua. Siku 2 hakuna aliyeandika kitu. Siku ya 3 mpwa wangu wa miaka 14, aliye Nakuru, akauliza: ngati ni nini?

Nilikuwa naanza kumwandikia. Kaka yetu akanitangulia. "Shule zikifungwa Agosti njoo ushago," alimwambia. "Nitakuonyesha mahali kijiji kilikuwa."